Chumba cha Idi

Siku niliyoondoka Kibamba sikuwa nimeaga mtu, wala sikuwa nimeamua kuondoka. Nilitoka asubuhi kwenda kununua vitumbua kando ya Barabara ya Morogoro, nikawa navila nimesimama, na mbele yangu lori lilikuwa linamwaga mchanga kwenye kiwanja cha mtu aliyekuwa anajenga. Ulikuwa mchanga mweupe, laini, wenye vipande vya kombe. Niliokota kimoja nikakigeuzageuza. Kule ni vilima na udongo mwekundu, na mimi, pamoja na udadisi wangu wote, nilikuwa sijawahi kujiuliza nyumba zile zilizokuwa zinaota kila upande zinapata wapi mchanga. Nikamwendea dereva. "Braza, huu mchanga mnautoa wapi?" Akasema, "Kunduchi huko, mtoni, karibu na bahari." "Mnarudi sasa hivi?" "Tunarudi. Kama unapanda panda, maswali utauliza ukifika." Nikapanda nyuma kwenye bodi tupu, kandambili miguuni na kitumbua mkononi. Tulipopita Ubungo nilikuwa bado najiambia kwamba jioni nitarudi.

Nimeishi hivyo maisha yangu yote. Shule niliiacha darasa la sita, kwa sababu nilichoka kuulizwa maswali wakati mimi ndiye niliyekuwa na maswali. Tangu hapo nimelala katika miji mingi kuliko ninayoweza kuitaja, na karibu yote nimeisahau. Mwaka ule wa Kunduchi haujaniacha. Mwezi uliopita simu iliniita nikiwa Tunduma, na sauti ya mwanamke ikasema, "Kaka Mgeni." Hakuna aliyewahi kuniita hivyo ila watu wa nyumba niliyopanga kule. Alikuwa Tatu, binti wa mwenye nyumba. "Mama ametutoka," akasema, na kwa muda tukawa tunasikiliza magari ya Tunduma. Nilipofika Mbagala maziko yalikuwa yameshapita. Nilikula wali wa msiba chini ya turubai, mkekani, katikati ya watu nisiowajua, halafu Tatu akaniita ndani. Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, kilikuwa na kitanda kimetandikwa shuka safi na chandarua kimefungwa juu, tayari kwa mtu. "Bado?" nikauliza. "Kila Ijumaa alikuwa anabadilisha shuka," akasema. "Ijumaa hii nimebadilisha mie." "Na hakuna aliyekuja?" Akatingisha kichwa. "Hajaja mtu, kaka."

Nilianza kwa kupakia mchanga kwa koleo pale mto unapoingia baharini, na wapakiaji wenzangu ndio walioniambia kwamba kuna mama ana vyumba vya kodi nafuu upande wa ufukweni. Nyumba yake ilikuwa ya Kiswahili kama tunavyozijua: baraza mbele kuelekea njia ya mtaa, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, na nyuma ua wenye jiko, choo na sehemu ya kufulia. Ukuta wa mbele ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, maneno ambayo mtu wa Dar anayapita kila mtaa bila kuyasoma, kwa kuwa matapeli wa jiji hili wanaweza kumuuzia mtu nyumba yenu mkiwa mmekaa ndani mnakula. Mwenyewe, Mama Idi, alikuwa anachambua mchele barazani. Alikuwa mwembamba, khanga kifuani, na sauti kubwa kuliko mwili wake. "Umetoka wapi, mgeni?" Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia Kibamba. "Kibamba kuna bahari?" "Hakuna, mama." "Basi utaiona hapa mpaka uichoke. Vya mbele vimejaa. Kuna cha nyuma kushoto."

Nilifungua dirisha la kile cha nyuma kushoto na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini kodi ilikuwa nafuu. Chini yangu ulikuwa ua, kisha ukuta mfupi, kisha mnazi mmoja ambao mizizi yake ilikuwa nje yote, inaning'inia, na baada ya mnazi hapakuwa na kitu ila maji. Chumba kilichotazamana na changu, cha nyuma kulia, kilikuwa na kufuli. Nilipogusa kile kitasa tu, Mama Idi aliniona kutoka jikoni. "Hicho si cha kupanga," akasema. "Hicho cha Idi."

Habari za Idi nilizipata kwa Chilumba, mchonga vinyago kutoka Newala, aliyepanga chumba cha kati kulia na kufanyia kazi barazani, vibanzi vya mpingo vikimrukia mpaka kwenye nyusi. Alikuwa na mdomo. "Wewe kijana una maswali kama polisi," akaniambia, "ila swali hilo usimuulize mwenye nyumba. Mwanawe alizamia." Kuzamia ni kujificha ndani ya meli ya mizigo bandarini na kwenda nayo inakokwenda, na vijana wengi wa pwani yetu wamefanya hivyo. Idi alikwenda bila kuaga. Halafu siku moja, miaka kadhaa kabla sijafika mimi, alipiga simu kwa jirani, kutoka mji ambao jirani hakulishika jina lake, maana salio lilikuwa linaisha na mtu wa pembeni anadai simu yake. Aliwahi kusema jambo moja tu: mwambieni mama asihame, nikirudi nitakuja hapo hapo. Jirani yule alikwisha kuhama, na simu ile ilikwisha kupotea. Kilichobaki kati ya mama na mtoto wake ni nyumba.

Nilijua hilo, na bado sikuweza kufunga mdomo. Asubuhi moja tulikuwa uani tunakunywa chai ya tangawizi kwa mihogo ya nazi, Tatu anapepea jiko, maji yamejaa. Mara ukuta wa ua ukapigwa kishindo, vikombe vikatetemeka. Nikaruka. "Kuna mtu anagonga?" Tatu akacheka mpaka akaziba uso kwa khanga. Mama Idi alikuwa anamimina chai, na hata hakuinua macho. "Huyo si Idi," akasema. "Idi hagongi hivyo. Anagonga kwa kidole kimoja, taratibu, kama anaomba radhi." Ndivyo nilivyojua kwamba alikuwa anasikiliza muda wote: akipika, akisali, akitukemea tuliochelewa kodi. Miaka yote ile sikio lake moja lilikuwa mlangoni.

Bahari ilianza na choo. Kila mwezi mchanga na kila mwezi mpevu yanakuja yale maji makubwa yanayoitwa bamvua, na bamvua moja lilipoondoka choo kilikuwa kimelala kifudifudi ufukweni, bati lake likipepea. Watu walikuja kutazama. Chilumba akasimama mkono kiunoni, akasema, "Mama Idi, mshukuru Mungu, bahari imeanza na chumba kisicholipa kodi." Mama Idi naye alicheka. Lakini mchana ule nilimwona amesimama peke yake uani, anapima kwa macho kutoka ukingo uliomeguka mpaka dirisha la chumba chenye kufuli, kisha anageuka, anapima tena, kama mtu anayedhani safari ya pili italeta jibu jingine.

Mtaa ulipiga msaragambo wa kuiokoa nyumba. Kwa uchangamfu wake ilikuwa kama harusi: vijana wa mpirani, akina mama wenye ndoo, mwalimu wa madrasa na wanafunzi wake, spika imewekwa barazani inapiga singeli. Tulijaza mchanga kwenye viroba, vile vya sandarusi vya unga na sementi, tukavipanga nyuma ya nyumba kama matofali. Tulileta magogo ya minazi iliyoanguka tukayachimbia wima, na matairi mabovu kutoka gereji, tukayafunga kwa kamba. Akina mama walipika ubwabwa na maharage ya nazi kwenye sufuria la misiba. Tulikula tukiwa tumekaa juu ya ukuta wetu, miguu inaning'inia, tunaitukana bahari. "Njoo sasa!" Chilumba aliipigia kelele. "Njoo kama wewe mwanamume!" Sikuona kosa letu siku ile, na nadhani hakuna aliyeliona. Mchanga wa kujaza viroba tuliuchota hapo hapo, hatua chache mbele ya ukuta, kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Tuliilinda nyumba kwa kuchimba chini ya miguu yake. Maji yalipojaa yaliingia kwenye mashimo yetu wenyewe, yakazunguka, yakavivuta viroba kimoja kimoja, na baada ya mabamvua mawili tulikuwa tunaviona vimetapakaa ufukweni, vimepasuka, maandishi ya kiwanda cha unga bado yanasomeka.

Jikoni pakafuata. Tukaanza kupikia ukumbini, moshi wa mkaa ukipanda mpaka chini ya bati, na mimi nikahamishwa kutoka chumba cha nyuma kuja cha kati kushoto, ambacho mpangaji wake alikuwa ameshahama, kwa sababu ukuta wangu ulikuwa umepasuka kutoka dirishani mpaka sakafuni, ufa wa kupitisha mkono. Nilikuwa bado napakia mchanga mtoni. Siku moja niliona nifuate ule ufukwe kwa miguu kutoka mtoni mpaka nyumbani, nikiangalia tu, na njiani nikakumbuka kile kipande cha kombe nilichookota Kibamba. Kule malori yanapanga foleni, huku minazi inalala. Jioni, tukiwa tumezunguka sinia la ugali na dagaa wa nazi ukumbini, nikawaambia nilichofikiri: mto ndio unaoleta mchanga ufukweni, na sisi tunaukamata mlangoni kabla haujafika, tunaupeleka kujenga huko juu. Nilitegemea Mama Idi anifukuze. Alikata tonge, akalichovya. "Na hizi kuta unadhani tulizijenga kwa mchanga gani, mgeni?" akasema. "Marehemu baba yake Idi alichota hapo ufukweni kwa toroli. Kila mtu hapa alichota. Ulikuwa unarudi." Akatafuna. "Ulikuwaga unarudi." Kisha akamgeukia Tatu, akamwambia aongeze pilipili. Mtoni niliacha kwenda wiki ile, nikawa nabeba zege kwenye majengo, kazi ambayo nayo inakula mchanga ule ule. Mtu anapaswa kula.

Upande wa kusini wa nyumba alikuwepo mstaafu mmoja aliyejenga ukuta wa mawe na zege mrefu kuliko mtu, na mtaa mzima ulimwita Mzee Ukuta, hata watoto, hata mbele yake. Maji yalipofika kwake yalipiga ukuta, yakakosa pa kwenda, yakateleza pembeni na kuja kutafuna kwetu kwa hasira mara mbili. Hilo halikuhitaji elimu, lilionekana kwa macho. Mama Idi akavaa baibui, akaniambia nimsindikize. Tulikaribishwa sebuleni, kwenye makochi ambayo bado yalikuwa na nailoni, tukaletewa juisi ya ukwaju. "Shemeji," Mama Idi akamwambia, maana mzee alikuwa rafiki wa marehemu mumewe, "nakuomba ukuta wako uvuke mpaka kwangu. Vyumba viwili tu, vile vya nyuma. Cha Idi kikipona nitakuwa nimeridhika." Mzee alitazama mikono yake. "Nikiuvusha, yatakwenda kwa jirani yako Mwajuma," akasema. "Na Mwajuma naye atakuja hapa, atakaa hapo ulipokaa. Mie nitawajibu nini wote?" "Mwajuma ana mtoto anayemsubiri?" Mzee alisema kwa sauti ya chini, kama aliyesahau kwamba tupo, "Unadhani nalala? Ukifika wakati wa maji nakwenda kuusikiliza kwa sikio. Unalia kwa ndani." Tuliondoka juisi haijanywewa. Juzi, baada ya msiba, nilikwenda kupaona pale. Ukuta wa Mzee Ukuta umelala majini mzima mzima, watoto wanautumia kurukia wakiogelea.

Alikuja pia mtaalamu wa mazingira, dada mmoja mpole aliyevaa buti za mpira, pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Alizungumza nasi barazani bila haraka. Alisema mto uachiwe mchanga wake, malori yazuiwe. Alisema mikoko ipandwe pale mtoni na kwenye matope, kwa sababu mizizi yake inashika udongo na kuvunja nguvu ya mawimbi. Alisema mchanga unaweza hata kuletwa kutoka mbali na kumwagwa ufukweni, na kwamba watu wasijenge tena karibu hivi, bahari iachiwe nafasi ya kupumulia. Nilimuuliza maswali mpaka mwenyekiti akaniambia nimpumzishe mgeni. Mama Idi alikuwa amesikiliza yote, kidole kwenye shavu. "Mwanangu," akasema, "hiyo mikoko itakua lini?" "Inachukua miaka, mama." "Na bahari umeiambia isubiri?" Watu wakacheka. Yule dada hakucheka. Alisogea karibu yake kwenye mkeka, akasema, "Mama, nikikwambia nyumba hii itabaki nitakuwa nakudanganya. Ufukwe tunaweza kuuokoa. Nyumba yako, sidhani." Nimesikia habari nyingi mbaya katika kuzunguka kwangu, ila sijawahi kusikia iliyosemwa kwa heshima kama ile, wala iliyoumiza kama ile. Mama Idi alimshukuru. Alimpa madafu mawili aende nayo. Kisha akaingia ndani akakaa mbele ya lile kufuli, mgongo mlangoni, mpaka Tatu akaenda kumwinua kwa adhuhuri.

Lililofuata lilikuwa la watu wa pwani wenyewe. Mwalimu wa madrasa alisema tuuzungushie mtaa dua, kama walivyofanya wazee wakati wa kipindupindu na wakati wa ukame. Alitafutwa mbuzi mweusi. Tukatoka naye msikitini asubuhi, wanaume mbele, wanawake nyuma, watoto kila mahali, tunasoma, ubani unafuka kwenye chetezo, tukazunguka mtaa mzima mpaka ukingoni kabisa, nyuma ya chumba cha Idi, ambapo ilibidi tupite mmoja mmoja tumeshika ukuta. Hata Chilumba, aliyekuwa Mkristo wa kwenda kanisani Krismasi tu, alifuata akiwa amevua kofia. "Leo sitaki kubahatisha," akaninong'oneza. Mbuzi alichinjwa, tukala pamoja, na mifupa ikazikwa. Mama Idi siku ile alikula kama mtu aliyekuwa amefunga mwaka mzima.

Na maji yakarudi nyuma. Upepo ulibadilika, na kidogo kidogo mchanga ukaanza kurudi, kwanza kama ulimi mwembamba, halafu uwanja wa kutosha kuchezea mpira. Leo najua kwamba fukwe zina majira yake, zinatoa na kupokea. Wakati ule hatukutaka kujua. Tatu alipaka chokaa ukumbini. Tulikula Idi el Fitri pale pale mchangani nyuma ya nyumba, pilau na kachumbari, na Mama Idi akavaa dera jipya, akawa anawaita wapita njia waje wale. "Karibuni, bahari imetuachia!" Alifungua lile kufuli mbele yetu kwa mara ya kwanza. Ndani kulikuwa na kitanda cha futi nne, suruali mbili zimetundikwa msumarini, picha za wachezaji mpira zimebanduka pembe, na viatu vya raba vimepangwa kuelekea mlangoni. Alianika godoro juani kutwa. Nafikiri zile zilikuwa siku za kikatili kuliko zote, kwa sababu zilimfundisha kutumaini upya, hali alikuwa ameshafika mahali ambapo angeweza kuacha.

Kisha upepo wa kusi ukaanza, na bamvua likaja na mvua. Lilikuja mchana, jua likiwaka upande mmoja wa anga. Uwanja wetu wa mpira ulikwenda kabla ya sala ya alasiri. Mnazi ule wa mizizi nje ulilala taratibu, kama mtu anayekaa kitini, ukagonga kona ya nyumba, na ufa ukapita kwenye ukuta wa chumba cha Idi kutoka juu mpaka chini. "Mama, tutoe vitu!" Tatu akapiga kelele. Mama Idi alisimama mlangoni, mikono kwenye fremu huku na huku. "Havitoki." "Mama, chumba kinakwenda!" "Akija akute chumba kitupu atasema nini? Atasema nimemzika." Wimbi likapiga, vumbi la dari likatumwagikia. Chilumba alikuwa nyuma yangu na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Alimpita kwa adabu, chini ya mkono wake, akaingia, akasimama katikati ya chumba, akasema, "Mama, hatukitoi. Tunakisogeza. Chukua changu kiwe cha Idi, mie nitajua pa kulala." Mama Idi aliondoa mikono kwenye fremu. Kisha yeye mwenyewe akainama akashika godoro upande mmoja. Tulibeba kitanda, suruali, viatu. Picha za mpira nilizibandua mimi. Tulipanga kila kitu katika chumba cha Chilumba kama kilivyokuwa, viatu vikiangalia mlango, na kufuli likahamia kwenye kitasa kipya. Kabla ya magharibi chumba cha nyuma kulia hakikuwepo. Ukumbi ulikuwa unaishia hewani, na mtu akifungua mlango wa mbele aliiona bahari moja kwa moja, kama picha iliyotundikwa.

Chilumba akaondoka na patasi zake kwenda Mbagala, kwa wachongaji wenzake, akatuambia nyumba za kupanga huko hazina idadi na bahari haiwezi kufika hata ikipanda basi. Wapangaji wengine walikuwa wameshahama, tukabaki sisi watatu. Kila bamvua lilimega kidogo, na kila lilipomega tulikisogeza chumba cha Idi mbele zaidi, mpaka kikawa kile cha mbele kabisa, nasi tukawa tunalala ukumbini na kupikia barazani, hadharani, wapita njia wakisalimia sufuria. Mama Idi alikuwa ameacha kula chakula cha mchana. Alikaa barazani anatazama njia ya mtaa, upande ambao mtu angetokea, na nyuma yake bahari ikigonga ile nyumba kwa kishindo, akiwa ameipa mgongo kabisa. Asubuhi moja bati la upande wa nyuma lilishuka lote. Akafunga khanga kiunoni, akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya. Kaniitieni guta."

Tulijua tunakwenda Mbagala aliko Chilumba, ila hatukujua tutapanga nyumba gani. Tulipakia kitanda, godoro, cherehani ya Tatu, masufuria na viatu vya raba. Wakati mwenye guta, pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo, anakaza kamba, Mama Idi aliniletea kopo la rangi nyekundu lililokuwa limebaki tangu enzi za marehemu, limeganda juu, na brashi iliyokuwa ngumu kama kijiti. "Wewe ulifika darasa la sita," akasema. "Andika." Chini ya NYUMBA HII HAIUZWI nikaandika anachonitajia: IDI TUMEKWENDA MBAGALA, na namba ya simu ya Tatu. Aliniambia nikoleze herufi za jina la mwanawe. Tatu alinitazama na mimi nikamtazama, kwa sababu sote wawili tulikuwa tunajua ukuta ule una mabamvua mangapi ya kuishi. Mama Idi alirudi nyuma mpaka katikati ya njia ili asome kutoka mbali, kama atakavyosoma mtu anayekuja. Hakujua kusoma. Alisimama tu akihakikisha panaonekana.

Ilikuwa safari ya kuvuka jiji zima, mimi na Tatu tumekaa juu ya godoro, mama mbele na dereva. Mbagala tulimkuta Chilumba kwenye banda la vinyago, akatushika mikono, akatupeleka kwa mzee mmoja mwenye vyumba viwili vitupu. Ilikuwa nyumba ya matofali isiyopigwa plasta, yenye geti la bati, na mchanga wa plasta ulikuwa umerundikwa pembeni. Mweupe, laini. Nilipitisha mguu nikaona vipande vya kombe, sikuwaambia. Mwenye nyumba alitoka na bakora yake, tukamwamkia, akatazama mizigo. "Mko wangapi?" akauliza. "Wawili," Tatu akasema. "Huyu kaka ametusindikiza tu." "Watatu," akasema Mama Idi. Mzee akanitazama mimi. "Si huyo," Mama Idi akasema. "Huyu mgeni." Hakuwa amenitukana. Nilikuwa nimelala chini ya bati lake mwaka mzima, na alikuwa ananijua sawasawa kabisa: kabla ya wiki kwisha ningekuwa nimeondoka.

"Sasa wa tatu yuko wapi?"

"Yuko njiani."

Mzee alifungua mlango wa chumba cha mbele, Mama Idi akaingia, akazunguka, akatuonyesha pa kuweka kitanda, akapanga vile viatu mwenyewe. "Mwambieni tu akifika asilipige geti kwa fujo," mzee akasema kutoka uani. "Nina mgonjwa ndani."

"Hana fujo," Mama Idi akamjibu, akiwa tayari anatandika shuka. "Atagonga taratibu."